Ua Wetu Haumo Ramanini

Baba alikufa Jumanne asubuhi, akazikwa Jumanne alasiri. Jumatano nikaingia kwenye kibanda chake cha useremala nikamkuta paka amelala juu ya benchi, akanitazama kama mie ndiye mgeni. Nikamwambia, "Haya, anza kazi, kuna kitanda cha watu hakijakwisha." Paka akarudi kulala. Nikafunga mlango, nikaenda kusuuza sahani za matanga.

Shuleni najulikana kwa mdomo. Mwalimu wa hesabu aliwahi kunihamisha viti vinne kwa wiki moja, akitafuta mahali ambapo nikisema neno hapatakuwa na wa kucheka, asipapate. Kwa hiyo niliporudi darasani baada ya hitima, wenzangu walinisubiri niseme kitu, na nikasema. Sikumbuki nilisema nini. Walicheka. Mie nilijisikia kama nasikiliza mtu mwingine akizungumza chumba cha pili.

Nyumba yetu iko Ngamiani, ya pili kutoka pembeni mwa barabara. Ukiitazama kwa mbele ni kama nyingine zote: baraza ya udongo, mlango, ukumbi unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma, vyumba viwili huku na viwili kule. Lakini maisha yako uani. Uani kuna jiko, kisima, bafu, choo, mpapai mmoja, kibanda cha baba, na chumba cha ukutani alichokijenga baba kwa mikono yake, cha kupangisha. Chumba hicho alikaa mama mmoja wa Kishambaa kutoka milimani, Mlutheri, na mtoto wake wa mgongoni. Mumewe alikuwa kwenye shamba la mkonge, akija mwisho wa mwezi. Hatukuwa na udugu naye wowote, lakini nilimwita mama mdogo, kwa sababu alinikaripia sawasawa na mama.

Vyumba viwili vya mbele walikuwa wamepanga vijana wa bandarini. Siku ya tatu ya msiba waliondoka wenyewe, kwa adabu, kwa kuwa mama alikuwa ameanza kukaa eda. Mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote anayeweza kumwoa. Wale vijana walibeba magodoro yao bila kuambiwa. Mmoja alirudi kuomba radhi kwa sababu alisahau kandambili zake, akaziomba akiwa barabarani, amegeuza uso.

Basi tukabaki wanawake watatu na mtoto mmoja. Alfajiri mama alikaanga vitumbua jikoni, mama mdogo akavibeba kwenda kuviuza pembeni, na mie nikaenda shule kwa kile kilichopatikana. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu yote: bila ua hakuna jiko, bila jiko hakuna vitumbua, bila vitumbua mie niko nyumbani nasubiri mume.

Kabla ya msiba tulikwisha kusikia habari za mpango. Mzungu mmoja wa mipango ya mji aliita watu kwenye uwanja wa shule, akasimama na fimbo yake mbele ya karatasi kubwa, na karani akafasiri. Karani huyu ni mtu wa hapa hapa Tanga, mtoto wa watu, kanzu nyeupe, koti juu yake. Akasema serikali imeona kwamba mji unakua, na haifai ukue kwa watu wa pwani ya kule tu huku watu wa ndani wakibaki na bomba moja na foleni ya ndoo. Kila safu ya nyumba za Ngamiani itapata kichochoro nyuma, cha kupita gari la taka na mabomba ya maji, na kila kichochoro kitakuwa na bomba lake mwishoni. Haki sawa kwa wote.

Mzee mmoja akauliza, "Na Raskazoni kwa Wazungu nako watapima nyua za watu?"

Karani akamwangalia mzee, akamwangalia Mzungu, akafasiri kitu kirefu. Mzungu akatabasamu, akajibu kwamba ndiyo, mitaro pia itakuwepo. Baba alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Yeye alikuwa anautaka mpango ule. Alisema choo chetu kiko karibu mno na kisima na siku moja kitatuua.

Wapimaji walifika mtaani kwetu wiki ya tatu ya eda. Karani alikuwa mbele na daftari lake, na nyuma yake vijana wawili na mnyororo wa kupimia na fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Walipiga hodi nyumba kwa nyumba, wanawake wakaingia vyumbani, wapimaji wakapita mpaka nyuma, wakapima, wakatoka. Mie nilikuwa barazani nachambua mchele.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba, binti. Tunataka kupima mpaka nyuma."

"Mama yuko eda."

Karani akashusha daftari. Wale vijana wakaanza kuingia, akawashika mikono. "Mjane huyo," akawaambia, "rudini." Wakarudi mpaka katikati ya barabara, kama ukumbi wetu una moto. Angekuwa mtu wa kuja angeingia tu, angesema kazi ni kazi. Lakini huyu alikuwa mtu wa kwetu, alilelewa vizuri, na kulelewa vizuri ndiko kulikotuponza.

Akasimama pale akikuna kichwa kwa penseli. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza jambo la aibu, "Huko nyuma kuna nini?"

Ningeweza kumtajia. Hata dakika moja isingekwisha. Lakini nilikuwa nimekaa na mchele tangu asubuhi, na kila aliyepita alinipa pole, na nikiwa vile mdomo unakwenda peke yake.

"Hakuna kitu, bwana karani. Uwanja mtupu. Kuna kuku mmoja, naye anafunga safari."

Vijana wakacheka. Karani hakucheka, na hakuuliza tena. Kuuliza zaidi habari za ndani ya nyumba ya mjane kungekuwa kukosa adabu. Akapima upana wa baraza, akapima ukumbi kwa macho kutoka mlangoni, akaandika. Kisha akasema, "Mpe mama pole," wakaenda nyumba ya pembeni, kwa mwenye tanuri la mikate, wakaingia mpaka ndani.

Nilimaliza mchele. Sikumweleza mama chochote, kwa kuwa niliona hakuna cha kumweleza.

Ramani ilibandikwa mwezi wa nne wa eda, kwenye ukuta wa kibaraza cha soko. Tulikuwa watatu tumetoka shule, tukajipenyeza kati ya watu. Ilikuwa nzuri. Kila nyumba kisanduku, kila ua kisanduku kidogo, jiko lina alama yake, kisima duara. Kila mtu alikuwa anatafuta choo chake akikipata anafurahi.

"Choo chenu kikubwa kuliko nyumba," nikamwambia mwenzangu.

"Na chenu kiko wapi?"

Nikatafuta. Nyumba yetu niliiona, vyumba vinne na ukumbi. Nyuma yake palikuwa peupe. Kichochoro kilikuja taratibu kutoka mwisho wa safu kikipita kati ya nyua za watu, mistari miwili myekundu, kikafika kwenye tanuri la mikate la jirani, kikakwepa, kikapinda, kikapita katikati ya ule weupe na kutokea barabarani. Palikuwa peupe kweli. Mtu yeyote mwenye akili angekipitisha pale pale.

"Mmepata barabara ya kwendea chooni," mwenzangu akasema.

"Bora," nikasema. "Nitaweka na taa."

Wakacheka, tukaenda zetu. Nilipofika nyumbani nilichota maji, nikamwogesha mtoto wa mama mdogo, nikafanya hesabu za shule. Jibu la swali la tatu lilinikataa, nikalirudia mara nyingi.

Siku iliyofuata ami yangu, mdogo wake baba, alikuja kutoka Usagara ya hapa hapa Tanga. Alikwisha kuiona ramani. Ami ni shemeji tu, si maharimu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti ukumbini na mama akakaa nyuma ya pazia la mlango wa uani, na mie nikakaa chini katikati yao kama mfuko wa posta.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia. Kasema mama mdogo."

"Wanasema mwenye pingamizi apeleke maneno yake ofisini mwenyewe, kabla ya mwezi kwisha. Mwenyewe au mwenye kumsimamia. Na tarehe yao inaangukia siku tisa kabla hujatoka eda."

"Wewe si unanisimamia?"

Ami akajikohoza. Si mtu mbaya. Ana watoto saba na baiskeli moja. "Nimefikiri, shemeji. Wanatoa fidia. Wanatoa na kiwanja kule Nguvumali, kikubwa kuliko hapa. Nyumba isiyokuwa na ua utaifanyia nini? Uiuze. Mje kwangu mpaka kiwanja kijengwe. Na huyu," akaninyooshea kidole cha mguu, maana mikono alikuwa ameikunja, "huyu ana miaka kumi na mitano. Shule ya nini tena? Tutamtafutia mtu."

"Mtu kiziwi," nikasema. "Ndiye atakayenivumilia."

"Unaona," ami akasema kuliambia pazia.

Pazia likatikisika. Kisha mama akasema, "Kiwanja ni cha mtoto wa marehemu pia. Nipe siku mbili."

Ami alipoondoka nikaingia uani. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, lakini hakuwa na nazi. Mama mdogo alikuwa kisimani. Nikasema pale pale, nimesimama, "Mie ndiye niliyemwambia karani ni uwanja mtupu."

"Ulimwambia nini?"

"Uwanja mtupu. Na kuku."

Mama akanitazama. Nilisubiri kofi na nilikuwa tayari kulipokea, hata nililitaka. Hakuinuka.

"Kuku yupi?" akauliza.

"Wa uongo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua. Kisha akasema, "Kalete futi ya baba yako."

Futi ile ilikuwa ya mbao, ya kukunja, na haikuwa imeguswa tangu Jumatatu ya mwisho ya baba. Nikaileta pamoja na kamba. Tukapima ua wote, mama akishika mwisho mmoja na mie mwingine, bila kusema ila namba. Jiko. Kisima. Kisima mpaka choo. Kibanda. Chumba cha ukutani, ambacho mama mdogo alitufungulia mlango ili tupime na ndani. Nikachora kwenye karatasi mbili za daftari la shule nilizoziunga kwa uji wa muhogo. Nilichora vizuri. Hata mpapai niliuweka, na mapapai yake matatu.

Alasiri nikaenda nyumbani kwa karani, si ofisini. Alikuwa barazani kwake anakunywa kahawa. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Akaitazama, akaikunja, akaikunjua.

"Nani kachora?"

"Mie."

"Hii haifai. Hii karatasi ya mtoto."

"Na yako uliandika maneno ya mtoto, bwana karani."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani atanifukuza. Akainama karibu yangu. "Sasa unataka niende kwa Mzungu nimwambie nini? Kwamba nyumba ile sikuingia? Kwamba niliuliza kitoto barazani kikanipa habari za kuku nikaziandika kwa wino? Nitapoteza kazi, binti."

"Njoo upime."

"Nitaingiaje? Mama yako bado eda. Nikiingia nitatembeaje katika mji huu?"

"Basi pingamizi?"

"Pingamizi lazima liwe na vipimo vyangu. Na vipimo vyangu siwezi kuvichukua. Na akitoka eda, ramani itakuwa imekwisha kupitishwa." Alisema hivyo bila ukali, kama anasoma tangazo. Akanyanyua tena kikombe.

Ndani ya nyumba ikatoka sauti ya bibi mmoja. "We mwanaume!"

"Naam, mama," karani akasema. Alikuwa mama yake.

"Huo mnyororo wako unashikwa na nini? Na ndevu?"

"Mama, tunazungumza."

"Nawasikia, wala hamzungumzi la maana. Mnyororo unashikwa kwa mikono. Mie ninayo miwili, na mle ndani wapo wengine. Wewe simama ukumbini uandike. Au kuandika nako kunataka uone?"

Karani alinitazama, nami nikatazama kahawa.

Alhamisi wakaja, yeye na mama yake, mbele ya macho ya mtaa mzima. Karani alisimama ukumbini, ameelekea mlango wa barabarani, kisogo kwa pazia, daftari mkononi. Mnyororo ukapita chini ya pazia kama nyoka. Upande wa uani mama yake alishika mwisho wake, mama mdogo akashika mwingine na mtoto mgongoni, na mie kazi yangu ilikuwa kusoma alama na kupiga kelele.

"Nyoosheni!" karani akasema.

"Tumenyoosha! Andika wewe huko!"

"Mama, usiukanyage."

"Mie nimeukanyaga? Ndio unaonikanyaga mimi. Chuma chote hiki kupima choo!"

Watoto wa barabarani walikuwa wamejaa mlangoni wakimtazama karani wa serikali akizungumza na pazia lililo kisogoni. Mama alikaa kwenye kizingiti cha jiko, nguo nyeupe, mikono mapajani. Alisema mara moja tu, "Bafu hamjalipima," wakarudi kulipima. Jambo lilikuwa la kuchekesha kabisa. Nilijua hivyo, nilikuwa nalipanga kichwani jinsi nitakavyolisimulia shuleni, nani atalia kwa kicheko na mahali gani. Lakini nilikuwa nasoma namba tu.

Tukafika chumba cha ukutani. Mama mdogo alisimama kwenye pembe ya chumba chake mwenyewe na mnyororo mkononi, nikasoma urefu, nikasoma upana.

"Anakaa nani?" karani akauliza.

Mama mdogo akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Nauliza kwa sababu kuna sehemu mbili za kuandika. Ndugu wa mwenye nyumba, au mpangaji. Ndugu anahesabiwa ni wa nyumba. Mpangaji..." Hakumaliza. "Nisomeeni tu."

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Mama wa karani akasema polepole, "Semeni ndugu. Nani atauliza?"

"Mpangaji," mama mdogo akasema. Alisema kwa sauti, ili isikike ukumbini. "Mimi Mshambaa, huyu Mdigo, mimi wa kanisani, huyu wa msikitini. Akija kuangalia ataona. Halafu watasema na kisima ni uongo."

Karani akaandika. Niliisikia kalamu.

Mama alikuwa bado anatazama mikono yake. Mie, niliyekuwa na maneno ya kuku na ya taa chooni, nami sikusema kitu.

Pingamizi likapelekwa siku nne kabla ya mwisho, na kidole gumba cha mama nilikiletea wino hadi nyuma ya pazia. Ami alitia sahihi kama msimamizi. Alipoona vipimo vimeandikwa kwa mkono wa karani alishusha pumzi, nadhani na yeye hakuwa na hamu sana ya kutupata wote kwake. Karani alimwambia Mzungu wake kwamba nyumba hiyo ilirudiwa kupimwa kwa kuwa mara ya kwanza kulikuwa na msiba. Ndivyo ilivyokuwa, ukiangalia kwa upande mmoja.

Jibu lilikuja mama akiwa amekwisha kutoka eda, ameoga, amevaa kanga mpya aliyoletewa na shangazi. Mwenye tanuri hakuguswa, kwa sababu mtaa wote unakula mikate yake. Lakini kichochoro hakikupita tena katikati yetu. Kilisogezwa kikafuata ukuta wa mwisho. Jiko limebaki, kisima kimebaki, bafu limebaki. Kimechukua choo, ambacho tutajenga kingine mbali na kisima kama baba alivyotaka, kimechukua kibanda cha useremala na mpapai, na kimechukua chumba cha ukutani.

Karani alituletea jedwali la fidia mwenyewe, akatusomea barazani. Palikuwa na mstari wa choo. Mstari wa kibanda. Mstari wa chumba, fidia kwa mwenye nyumba. Mstari wa mpapai, kwa kuwa mti wenye kuzaa hulipwa. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, mtoto ananyonya. Mstari wa aliyekaa ndani ya chumba haukuwemo. Nilimwomba karani nilitazame mwenyewe, nikalisoma mara mbili.

"Ungekuwa mpapai, mama mdogo," nikasema.

Alicheka. Alicheka hata mtoto akaachia ziwa akamtazama. Karani aliangalia viatu vyake. Mama aliniambia niingie ndani, nikaingia.

Mama alimwambia mama mdogo ahamie vyumba vya mbele. Alimwambia mara ya kwanza, na ya pili, na mara ya tatu nilikuwa nimeshika mtoto nikasikia. Mama mdogo akasema vyumba vya mbele bei yake si ya mke wa mkata mkonge. Mama akasema, "Nani kataja bei?" Mama mdogo akasema, "Wewe una mtoto wa shule. Wape vijana wa bandari." Mama hakurudia mara ya nne. Sijui kama angerudia. Ile fidia ilikuwa ya kujengea choo, na vijana wa bandari walikuwa tayari wameanza kupita wakiuliza hali.

Alihama Jumapili, baada ya kanisa, mumewe akiwa amekuja. Kitanda chao kilikuwa kazi ya baba. Tulikipakia kwenye mkokoteni pamoja na sufuria, jiwe la kusagia, na sanduku la bati, tukasukuma mpaka Nguvumali. Yeye hakupewa kiwanja kule. Alipata chumba kwa mtu, katika nyumba ya udongo mbichi iliyo peke yake kati ya minazi, ambako kichochoro wala bomba havijafikiriwa. Mwenye nyumba alikuwa anatupiga jicho akihesabu vyombo.

Tukaingiza kitanda, hakikuingia. Mumewe akatoa miguu, tukakiingiza kwa ubavu, akairudisha. Mle ndani ilibidi kusubiri macho yazoee. Mama mdogo akanipa mtoto nimshike, akafagia, akanipokonya mtoto.

"Mtihani lini?" akaniuliza.

"Kesho. Hesabu."

"Basi nenda. Unakaa hapa kufanya nini?"

"Vitumbua nani atauza?"

"Kwani wewe huna kichwa cha kubebea sinia? Kabla ya shule. Pembeni pale watu wanataka viwe vya moto, usichelewe." Akanipangusa vumbi begani kwa upande wa mkono. "Na usiwachekeshe mno, hawatanunua, watakaa kukusikiliza."

Nilitaka kumwambia kitu kuhusu siku ya mnyororo. Nilikuwa nimekipanga njiani kote. Nikasema, "Haya, mama mdogo," nikaondoka na mkokoteni mtupu, magurudumu yakipiga kelele.

Nilipofika mama alikuwa barazani. Tangu atoke eda hukaa pale kila alasiri, hata akiwa hana kazi.

"Amefika?"

"Amefika."

"Chumba kina dirisha?"

"Hakina."

Mama akasogea kidogo nipate pa kukaa. Nikakaa. Watu walipita wakatuamkia, tukawaitikia. Kisha nikaingia ndani, nikala, nikachonga penseli mbili kwa ajili ya kesho.